Kujiandaa kupokea watoto wa elimu maalum Januari, kwa walimu wa Lamu

Walimu wenzangu wa elimu maalum, hasa nyinyi mliopostiwa Lamu kwa mara ya kwanza na mnaripoti Januari, huu ni mwongozo wa zile wiki mbili tatu za mwisho wa likizo. Wengi wetu tukisikia kujiandaa akili inakimbilia manila, maka peni, chati za ukutani na skimu za kazi, alafu shule zinafunguliwa darasa linang'aa lakini mwalimu hajui ni mtoto gani ana kifafa, nani anavuka maji kuja shule, nani hajawahi kwenda choo peke yake. Naomba mpindue mpangilio huo. Anza na mtoto: anafika vipi, anakula vipi, anakwenda choo vipi, na akitaka kitu au akiumwa anasema vipi. Ukiyajua haya manne ya kila mtoto kabla ya siku ya kwanza, masomo yatapata pa kukaa. Usipoyajua muhula mzima utaishia kukimbizana na dharura.

1. Mafaili

Mwombe mwalimu mkuu ufunguo wa kabati hata kama shule imefungwa, asubuhi moja inatosha. Tandaza mafaili yote mezani uangalie kila mtoto ana nini na amekosa nini: ripoti ya asesimenti ya EARC (kile kituo cha kupima mahitaji ya mtoto), cheti cha kuzaliwa, kadi ya baraza la watu wenye ulemavu, karatasi za hospitali, IEP (mpango wa masomo wa mtoto mmoja mmoja) ya mwaka uliopita, na namba ya simu inayopatikana. Namba za simu ndo zinaharibika haraka kuliko vitu vyote, watu wanabadilisha laini kila siku, kwa hivyo zipige moja moja hapo hapo.

Kwa wale wasio na ripoti, andika orodha uipeleke EARC sasa hivi kabla ofisi hazijajaa watu. Vituo hivi viko Kenya tangu 1984 na kazi yao ndo hiyo, kumpima mtoto na kushauri anahitaji msaada gani na asomee wapi, darasa la kawaida, yuniti (darasa maalum ndani ya shule ya kawaida) au shule maalum. Lakini jamani mtoto asizuiwe mlangoni eti hana karatasi. Sera ya wizara ya 2018 inataka watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana, na Katiba ya 2010 kifungu cha 54 inawapa haki ya kufika kwenye taasisi za elimu. Mtoto anaingia, karatasi zinafuata.

Hiyo kadi ya baraza wazazi wengi wanaiona kama usumbufu tu, mpaka uwaelezee kwamba mtoto mwenye ualbino losheni yake ya jua inapitia hapo, na maombi ya vifaa kama kiti cha magurudumu yanapitia hapo pia. Inaanza kwa kupimwa hospitali ya serikali ndo usajili ufuate, na mzazi asiyejua mambo ya mtandao usimwambie tu "nenda kajisajili", andamana naye mpaka saiba mkafanye pamoja.

Ukimaliza, kila faili liwe na karatasi moja ya mbele, mwandiko mkubwa, inayoweza kusomwa na mwalimu yeyote wa zamu hata kama hajui chochote cha elimu maalum. Jina analoitwa nyumbani. Anasemaje ndiyo na anasemaje sitaki. Dawa gani saa ngapi. Kinachomtisha, kinachomtuliza. Nani anaruhusiwa kumchukua saa ya kutoka. Nafasi nyingi utaziacha wazi na ni sawa, utazijaza kwenye hatua inayofuata.

2. Piga hodi nyumbani kwao

Hii ndo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndo inayorukwa zaidi kwa sababu haina fomu wala hailipwi. Nenda. Mtoto utakayemkuta uani kwao anacheza na nduguze sio yule utakayemwona siku ya kwanza amejikunyata kwenye kona ya darasa, na ukimwona wa kwanza utamsaidia vizuri wa pili.

Piga simu kabla, uliza wakati gani wako huru, watu wengi hapa baada ya alasiri ndo wametulia. Kama wewe ni mwalimu mwanamume na unajua babake yuko safarini au baharini, ongea naye kwa simu kwanza au omba babu au mjomba awepo, mkikaa barazani ni vizuri tu, heshima itakufungulia milango. Vua viatu, amkia wakubwa kabla ya kugusa habari ya mtoto, na ukiletewa chai kunywa.

Alafu usianze na "ana shida gani". Mama ameulizwa swali hilo tangu mtoto azaliwe na amelichoka. Uliza siku yake huendaje. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Mama, hebu nieleze siku yake, tangu akiamka."

"Mwalimu nitakudanganya nini, huyu hasemi kitu."

"Akitaka maji unajuaje?"

"Ah, maji! Hunishika hapa kwenye kiwiko akanivuta mpaka kwenye mtungi."

"Na kitu asichokitaka?"

"Hukaza shingo akautazama ukuta. Hapo hata umpe halua hali."

"Basi anasema, mama. Mimi nataka kuijua lugha yake kabla hajaja kwangu."

Hayo mawili, kiwiko na ukuta, ni mali. Yaandike vile vile alivyosema mama, usiyageuze kuwa maneno ya kitaalamu, manake msaidizi wako atakaposhikwa kiwiko siku ya kwanza saa nne asubuhi atajua anaombwa maji na atampa, na mtoto ataona kumbe huku pia ninasikika. Wiki nzima ya kilio umeiokoa.

Kuna nyumba utaambiwa ni jini, kuna jamaa za Kigiriama watakwambia ni nyuni, pepo wa watoto. Usicheke, usibishane, usianze lekcha. Sema kisomo kiendelee na dawa za hospitali ziendelee, kimoja kisisimamishe kingine. Ukimdharau bibi mwenye nyumba siku hiyo, dawa zitaachwa na wewe hutaambiwa.

Na waulize wanataka nini, wengi hawajawahi kuulizwa hilo. Mmoja atakwambia nataka ajifunge vifungo vya kanzu mwenyewe, mwingine nataka aweze kukaa msikitini bila kukimbia, mwingine nataka ajue kuhesabu pesa nimtume dukani. Hayo ndo yataingia kwenye IEP.

3. Tembea njia yake

Huku kwetu njia ni somo zima. Miji mingine mwalimu anasema tu basi la shule litamleta, Lamu mtoto anatoka Mokowe kwa boti, au Matondoni au Kipungani, au yuko hapa hapa mjini lakini kati yake na shule kuna vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja anarudi nyuma. Bodaboda zimeingia kisiwani lakini mitaa ya ndani ya mji wa kale hazipiti. Kwa hivyo itembee njia ya kila mtoto mwenye shida ya kutembea au ya kuona, mlangoni kwao mpaka darasani, ukiwa na tepu ya fundi na daftari.

Kwa kiti cha magurudumu pima upana wa kichochoro pale palipobana kabisa, pima mlango wa darasa na wa choo, alafu pima kiti chenyewe. Kiti chapita kama mlango una sentimita 80 na zaidi, chini ya hapo vidole vya mtoto vitakwaruzwa kila siku. Ngazi zote zihesabu. Rampu ikitengenezwa, kipimo ni urefu mara kumi na mbili ya kimo, ngazi ya sentimita 15 inataka rampu ya sentimita 180. Fundi atataka kukufupishia aokoe simenti na mchanga, usikubali, rampu iliyosimama sana mtoto hawezi kuipanda mwenyewe na kushuka ni hatari. Pembeni boriti za mikoko zinatosha kwa kushikia, zipigwe msasa zisiwe na vibanzi.

Mchangani magurudumu yale madogo ya mbele huzama. Mfundishe anayemsukuma ageuze kiti na kukivuta kinyumenyume, ni rahisi mara mbili.

Sasa boti. Ongea na nahodha mwenyewe, sio kondakta wake tu, umjue na akujue, chukua namba yake uiandike kwenye ile karatasi ya mbele. Mambo ya kukubaliana ni haya. Mtoto hafungwi kwenye kiti chake cha magurudumu ndani ya boti hata iwe safari ya dakika kumi, kiti kinakunjwa kinawekwa pembeni, mtoto anabebwa na watu wawili, anakaa chini katikati ya boti ubavuni mwa mtu mzima, na laifu jaketi inavaliwa kabla ya kupanda sio tayari mko majini. Mtoto ambaye shingo haijakaza anahitaji jaketi yenye kola ya kushikilia kichwa. Anayeanguka kifafa hakai ukingoni.

Na maji uyasome. Siku za bamvu, yale maji makubwa, yakikupwa boti inakaa chini kabisa ya jeti na zile ngazi za chini zina mwani unaoteleza, mtu mzima mwenyewe anashuka kwa kushikilia. Saa ya maji inasogea kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo mtoto aliyeshuka vizuri Jumatatu huenda Ijumaa saa ile ile akashindwa. Kaa na nahodha mkadirie wiki ya kwanza yote, siku gani ni rahisi siku gani mtataka mtu wa ziada pale jetini. Januari ni kaskazi, bahari si mbaya sana, ila mambo ya kusi ya muhula wa pili yaulize mapema, ikifika siku haivukiki mtoto abaki nyumbani na kazi ipelekwe kwake, hilo mzazi alijue tangu mwanzo asione kama mwanawe amefukuzwa.

4. Choo

Fupi lakini usiiruke. Ingia chooni mwenyewe ukae pale mtoto atakapokaa. Kuna cha kushikilia? Maji yanafikiwa na mtu aliyekaa? Komeo linafunguka kutoka nje akikwama ndani? Mtoto mwenye usonji atastahimili hiyo giza na harufu? Kama choo ni cha shimo na mtoto hawezi kuchuchumaa, seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa pesa kidogo, mwonyeshe mchoro. Weka nguo za kubadilisha, sabuni na ndoo ndani ya darasa, na watoto wanaokaribia kubaleghe wasichana uongee na mama zao mapema habari ya pedi na nani atamsaidia.

Hapa pia ndo mahali pa kuweka sheria ya ulinzi. Watoto wetu wengi hawawezi kusimulia walichofanyiwa. Anayemsaidia mtoto chooni ajulikane kwa jina, awe wa jinsia yake, na asiwe peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Bandika ukutani namba 116, ni ya bure, ya kuripoti unyanyasaji wa watoto, na waambie wafanyakazi wote mpaka mpishi na askari wa geti kwamba ipo hapo kutumika.

5. Chakula, dawa na kifafa

Nenda jikoni ukaongee na mpishi. Pure ya shule, yale mahindi mazima na maharagwe, kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ni ya kupaliwa. Ya kwake ipondwe au apewe wali laini na mchuzi. Alishwe amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo mbele, kijiko kidogo, ameze kwanza ndo kije kingine, na baada ya kula abaki amekaa kama nusu saa asilazwe. Ukiona mtu anamlisha amemlaza mapajani uso unatazama juu, msimamishe kwa upole umwonyeshe, chakula kinaweza kuingia njia ya pumzi kikaleta nimonia.

Dawa: hakuna dawa inayotolewa shuleni bila karatasi ya hospitali. Mkumbushe mzazi ajaze dawa za kifafa kabla shule hazijafunguliwa, manake wiki ya kwanza pesa zote zinaishia kwenye yunifomu na madaftari, na dawa za kifafa zikikatwa ghafla degedege hurudi kwa nguvu. Ramadhani miaka hii inaangukia muhula wa kwanza, Februari na Machi, kwa hivyo suala la kufunga liongelewe sasa kati ya mzazi, daktari na maalim wake. Ukilingoja litakukuta.

Fundisha shule nzima jinsi ya kumhudumia aliyeanguka, sio darasa lako tu:

- Angalia saa. Ondoa vitu vigumu karibu, weka kitu laini chini ya kichwa.
- Legeza shingo. Msichana mwenye hijabu toa pini haraka, zile pini ndogo za chini ya kidevu zinachoma.
- Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maji, usimnusishe kiatu.
- Mtetemeko ukipungua mlaze ubavu, futa mate, kaa naye mpaka azindukane.
- Ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, hospitali moja kwa moja.

Na wenzake darasani waambiwe kwamba kifafa hakiambukizi, mate yake hayana kitu. Baada ya hapo andika kwenye faili tarehe, saa, ilichukua muda gani na alikuwa akifanya nini, daktari atakushukuru.

6. Vifaa na chumvi ya bahari

Hewa yetu inakula chuma na inakula vifaa vya umeme. Mashine za breli, zile Perkins nzito, zikiachwa kabatini likizo nzima bila kufunikwa utazikuta funguo zimekaza. Zifungue sasa, zipanguse kwa kitambaa kikavu na brashi laini, piga mstari mmoja kwa kila funguo usome kwa kidole kama nukta zote zinatoka, isiyotoka ipelekwe kwa fundi mapema. Karatasi za breli zihifadhi kwenye nailoni, zikinyonya unyevu nukta zinalala na mtoto hasomi kitu.

Vifaa vya kusikia ndo vinateseka zaidi. Mtoto anayekuja kwa boti avue kifaa kabla ya kupanda, kiingie kwenye kikopo chenye mfuniko, avae tena akifika, maji ya chumvi yakikirukia mara moja tu kimekwisha. Darasani weka mtungi mdogo wa plastiki unaofunga vizuri wenye vile vifuko vya kukausha vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu, kifaa kikae humo kikiwa hakivaliwi, betri imetolewa. Betri yake ina kibandiko, ukikibandua ngoja kama dakika moja ndo uiingize, na usibandue nyingi kwa pamoja manake zinaanza kuisha hapo hapo. Kila asubuhi sikiliza kifaa kabla ya kumvalisha. Mtoto mwenye kifaa kilichozima masikioni anaonekana kama mkaidi, kumbe hasikii.

Lugha ya ishara ya Kenya iko ndani ya Katiba, basi isibaki kwako peke yako. Wafundishe walimu wote ishara chache za kuanzia, maji, choo, unaumwa, mama, simama, hatari, na kila mtu ajue ishara ya jina la mtoto.

Watoto wenye ualbino: kofia pana, mikono mirefu, losheni kabla ya kutoka nyumbani na irudiwe mchana. Kama wanavuka maji mwanga wa baharini unawarudia usoni hata wakiwa chini ya turubai, kwa hivyo kofia haivuliwi botini. Darasani wakae mbele lakini sio wakitazama dirisha, na maandishi yawe makubwa. Wanaokaribia mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, wale wa breli na wa maandishi makubwa, mahitaji yao yaelezwe wakati wa kuwasajili.

7. Darasa lenyewe

Sasa ndo tunafika kwenye chati, na nitakwambia punguza. Ukuta uliojaa rangi kila mahali unamchosha mtoto mwenye usonji kabla hujafungua mdomo. Acha ukuta mmoja mtupu kabisa, huo ndo watautazama ukiwafundisha.

Tengeneza ratiba ya picha. Piga picha kwa simu vitu vyao halisi, sufuria ya shule, mkeka wao, choo chao, jeti, zifanyie printi na kuzilamineti, uzibandike kwa velkro kwa mpangilio wa siku, kila jambo likiisha mtoto abandue picha aweke kwenye boksi. Na kibao kidogo cha kwanza na halafu, picha mbili tu, kwanza kazi, halafu anachokipenda. Picha za kudownload zenye basi la njano hazina maana kwa mtoto wa hapa.

Kona ya utulivu iwe mbali na mlango, mkeka, mto, pazia la leso, kitu cha kushika. Sikiliza darasa kwa masikio yao: punda akilia nje ya dirisha, jenereta ya jirani, spika ya msikiti karibu saa sita na nusu ya mchana. Mtoto anayeziba masikio na kupiga kelele adhana ikianza hana ukafiri wala ukorofi, sauti imemzidi. Mtayarishe dakika tano kabla kwa picha, mpe kizuia sauti au msogeze upande wa pili, na mweleze maalim wa pale aelewe, wengi wakielezwa vizuri ndo wanakuwa wa kwanza kumtetea.

Vifaa vya kuchezea na kuhesabia viko ufukweni na sokoni, kauri, vifuu, ukili, vifungo, usinunue vya bei. Chemsha makombe yasinuke, na madogo yanayoweza kumezwa yaweke juu.

8. IEP, malengo machache

Usiandike IEP kumi na mbili kwa siku moja kwa kunakili ile ya mwaka uliopita ukabadilisha majina. Ni bora mtoto awe na malengo mawili yanayofanywa kila siku kuliko tisa yaliyolala kwenye faili. Lengo liandikwe hivi kwamba mtu mwingine akilisoma anajua aangalie nini. "Ataboresha mawasiliano" haipimiki. Chukua yule mtoto wa kiwiko na mtungi:

"Kufikia wiki ya kumi, akiwa na kikombe kitupu mbele yake, atampa mtu mzima kadi ya maji bila kushikwa mkono, mara 4 kati ya 5, siku tatu mfululizo."

Alafu andika hatua ndogo chini yake. Wiki za mwanzo anakushika kiwiko, wewe unamwongoza mkono achukue kadi akupe, unampa maji papo hapo, kidogo kidogo unaondoa mkono wako. Na kiwiko kisikataliwe, ndo lugha aliyonayo, kadi inaongezwa juu yake.

Wasiofuata mtaala wa kawaida wanapanda ngazi za ule mtaala wao wa KICD (taasisi ya kutunga mitaala) kwa uwezo sio kwa umri, kutoka shughuli za kila siku mpaka ufundi. Kwa wakubwa wanaoanza maandalizi ya ufundi angalia kazi za hapa hapa: kusuka ukili, kushona kofia, kupika mahamri, kurekebisha nyavu. Kofia ina hesabu na subira na vidole vyote ndani yake, anza na sindano kubwa na kitambaa chenye matundu, na umtafute fundi wa mtaani aje mara moja kwa wiki, kijana akimaliza shule awe ameshajulikana na mtu wa kumpa kazi.

9. Wiki ya kwanza

Kaa na msaidizi wako na matroni siku moja kabla, msome pamoja zile karatasi za mbele, kila mmoja ajue watoto anaowasimamia saa ya kuingia, ya chakula na ya kutoka. Wiki yenyewe usikimbilie silabasi. Wapokee nusu nusu kama mwalimu mkuu atakubali, wachache Jumatatu, wengine Jumatano, wale wageni kabisa wakae kwa muda wa saa mbili tu na mama akae nao alafu muda uongezwe. Angalia, andika, rekebisha ile karatasi ya mbele, manake nyumbani mtoto ni mmoja na shuleni mwingine.

Kikao cha wazazi kiweke wiki ya tatu, ukiwa na kitu cha kuwaambia, na kabla hujatangaza tarehe muulize nahodha habari ya maji. Wanaotoka Pate, Siyu na Faza wanapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda unataka maji yamejaa. Ukiweka kikao wakati maji yanakupwa hao hawatafika, au watafika na hawataweza kurudi jioni ile. Chagua siku maji yanajaa asubuhi, anza mapema, wape wao nafasi ya kwanza kukaa na wewe juu ya IEP ya mtoto wao, na wa hapa mjini wangoje.